Uhai na Kifo cha Asasi za Umma: Funzo kutoka Historia ya Kiswahili

Aghalabu hudhaniwa kuwa asasi ya umma hufa kwa kukosa kazi. Historia ya Kiswahili yaikanusha dhana hiyo. Makala haya yanalinganisha asasi mbili zilizozaliwa enzi ya ukoloni kuhudumia Afrika Mashariki nzima.

Ya kwanza ni Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kamati hii ilihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa, kisha ikarejea Dar es Salaam. Mwaka 1964 iliingizwa katika Chuo Kikuu na kuwa taasisi ya uchunguzi, ambayo baadaye ilijulikana kama TUKI. Ya pili ni East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoanzishwa miaka ya 1940 na ambalo hatimaye liliwekwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilianguka nayo, ingawa wasomaji walikuwapo na shule zilihitaji vitabu. TUKI haikutikisika, mwaka 1981 ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwaka 2009 ilibadilika tena na kuwa TATAKI.

Tofauti ilikuwa nini? Si wingi wa kazi, bali nguzo iliyoegemewa. Mmoja aliegemea mkataba wa serikali tatu. Mwenziwe alikwisha kupata makao katika chuo chenye bajeti, wahadhiri na wanafunzi wake. Hata hivyo, uhai huo ulikuwa na gharama: kilichokuwa chombo cha eneo zima kikawa cha nchi moja.

Aidha, haja isiyokufa hutafuta mwili mwingine. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1980 iliunda Kenya Literature Bureau, iliyorithi kazi ya shirika lililoanguka. Tanzania nayo ilikuwa imekwisha kuipa BAKITA msingi wa sheria tangu mwaka 1967.

Funzo hili latuhusu. Mwaka 2018 Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili. Idhini si sheria, wala sheria pekee si bajeti. Mpenzi wa Kiswahili asiulize tu baraza litaanza lini. Na aulize litaegemea nini siku upepo wa siasa utakapogeuka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kisicho na ngama kitarejea wapi?