Injini Ikifunguliwa: Namna ya Kuuza Vipuri Vilivyobaki

Mwenye Subaru Impreza WRX akishajenga injini upya, hubaki na krenki ya zamani, pistoni, konrodi, hedi mbili, pengine na tabo. Akiwa Omugo, wilayani Terego, wateja wa karibu ni wachache, maana kazi kubwa ya mafundi wa vijijini West Nile ni bodaboda. Vipuri hivyo vitauzwa mjini Arua, au vitapanda basi hadi soko la Kisekka, Kampala, safari inayokaribia kilomita 500. Mnunuzi wa mbali hawezi kukishika kipuri kabla ya kulipa. Hutegemea maelezo ya muuzaji, na maelezo hayo yana kanuni zake.

Kwanza, vilivyochongwa pamoja viuzwe pamoja. Bloku ya EJ20, injini ya lita 2 iliyomo katika Impreza nyingi za aina hii, ina nusu mbili zinazoibana krenki katikati. Matundu ya beringi kuu huchongwa nusu hizo zikiwa zimefungwa, kwa hiyo nusu moja haioani na nusu ya injini nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa konrodi na kifuniko chake, na kwa hedi na vifuniko vya kemshafti. Anayevichanganya anamuuzia mwenzake injini itakayogonga.

Pili, pima kabla ya kutaja bei. Shingo za beringi kuu za krenki hiyo zina kipenyo cha milimita 60, na za konrodi 52. Maikromita hueleza kama zimelika au ziliwahi kuchongwa, na kipimo hicho ndicho kinachomwongoza mnunuzi kuchagua beringi. Silinda ya kiwandani ni milimita 92, hivyo pistoni ya 92.5 haina faida kwa mtu ambaye hajapanua silinda zake. Hedi ni ya alumini na hupinda injini ikichemka: laza rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kisha ingiza filagaji. Pengo likizidi milimita 0.05, hedi inahitaji kusawazishwa kwa mashine. Kwa tabo, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa kuwa shafti huelea kwenye oili, lakini ikisukumika mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwaruza ganda, imechoka.

Tatu, viko visivyofaa kurudi ndani ya injini: gasketi za hedi, beringi zilizotumika, boliti za konrodi zilizovutika, pistoni iliyopasuka kwenye kingo za ringi. Pistoni hiyo iuzwe kwa kilo kama alumini chakavu. Mafundi wa Katwe, Kampala, huyeyusha alumini ya aina hiyo wakatengeneza masufuria.

Nne, andikianeni. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku na imo katika kadi ya gari, kwa hiyo bloku iendayo kwa mtu mwingine iambatane na hati ya mauziano yenye namba hiyo, tarehe na sahihi. Mnunuzi naye asipokee bloku ambayo namba yake imefutwa.

Mwisho, taja sababu ya kila kipuri kutolewa. Krenki iliyotoka katika injini iliyokosa oili bado inaweza kuchongwa ikafaa, ila bei yake si ya krenki nzima. Mnunuzi akilijua hilo mapema, atatenga fedha za mashine na kupata injini itakayodumu. Akifichwa, atalipia krenki moja mara mbili, na gari litamwacha njiani kati ya Arua na Koboko.