Mtoto wa miaka 4 anapimwaje mapafu?

Vuta pumzi mpaka kifua kijae. Sasa itoe yote kwa nguvu, kwa mkupuo mmoja, usiache mpaka hewa iishe. Umefanya? Hicho ndicho kipimo cha spirometri, na kipo tangu Mwingereza John Hutchinson alipotengeneza spirometa yake miaka ya 1840. Haya, nenda sasa kamwambie mtoto wa chekechea pale Igogo afanye hivyo mara tatu, pua imebanwa na mrija uko mdomoni. Atacheka, au atautafuna mrija.

Kwa mtu mzima tunaangalia hewa inayotoka katika sekunde 1 ya kwanza. Mirija ya hewa ikibana, kama kwenye pumu, hewa hiyo hupungua. Lakini mapafu ya mtoto wa miaka 4 ni madogo kiasi kwamba anaweza kumaliza kupuliza kabla sekunde haijaisha! Ukitumia kipimo cha mkubwa, unaweza usione tatizo wakati lipo. Ndiyo maana kwa umri huo hutumika nusu sekunde, au robo tatu yake.

Njia nyingine ni osilometri. Mtoto anapumua kawaida tu, mashine inatuma mawimbi madogo ya hewa na kupima yanavyopata upinzani njiani. Mama anamshika mashavu, maana yakitikisika yanameza mawimbi. Mimi naipenda hii, ila mashine ni ghali.

Halafu jibu unalilinganisha na nini? Milinganyo ya kimataifa ya GLI ya 2012 inaanzia miaka 3, lakini takwimu kutoka Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa haba, hivyo watoto wetu wakalinganishwa na Wamarekani weusi. Toleo la 2022 limeacha kugawa watu kwa rangi, sawa, ila pengo la takwimu zetu liko palepale.

Na huku ziwani watoto wanakulia kwenye moshi: mkaa, kuni, samaki wanaobanikwa. Eksirei inaonyesha umbo la mapafu, haisemi hewa inapita vipi. Pasipo mashine, daktari akishaangalia kifua kikuu na nimonia, anaweza kumjaribishia mtoto dawa ya pumu ya kuvuta kwa wiki kadhaa, aone kama atapata nafuu. Kwa hiyo kifua cha mwanao kikilia kama filimbi usiku, mrekodi kwa simu kisha mpeleke na hiyo video. Lakini akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, usisubiri asubuhi.