Kompyuta ya Kikundi Imekufa na Hakuna Bakapu? Data Bado Zinaweza Kupatikana

Leo tuweke pembeni mbolea na chanjo, tuongelee rekodi. Vikundi vingi vya maziwa ninavyovihudumia siku hizi vinaandika lita za kila mwanachama kwenye kompyuta. Sasa ikigoma tarehe 28 na malipo ni mwisho wa mwezi, hapo watu wanaanza kutiliana shaka.

Elewa kwanza hivi: programu ni ghala, data ndiyo mahindi. Paa likianguka, si lazima mahindi yawe yameharibika. Programu nyingi za aina hii hutunza kanzidata kwa MySQL au MariaDB, na kwa kawaida kila jedwali lina faili lake linaloishia na .ibd. Programu inaweza kukataa kufunguka huku mafaili hayo yakiwa salama. Fanya hivi:

1. Usikubali fundi apige Windows upya, wala asiweke programu juu ya ile ya zamani. Kipya kikiandikwa juu ya cha zamani, hapo basi tena.

2. Kompyuta isipowaka, diski itolewe ichomekwe kwenye kompyuta nyingine. Tafuta folda ya data. Kwa XAMPP mara nyingi ni C:\xampp\mysql\data. Kwa MySQL ya kawaida iko ndani ya C:\ProgramData\MySQL, na Windows huificha ProgramData, kwa hiyo ruhusu mafolda yaliyofichwa yaonekane.

3. Nakili folda yote ya data kwenye flashi mbili. Kazi ifanyike kwenye nakala tu, ya asili isiguswe.

4. Kwenye kompyuta nzima weka toleo lilelile la MySQL au MariaDB. Izime, weka folda yote ya data mahali pake, kisha iwashe. Wengi huchukua folda ya kanzidata yao peke yake na kuacha faili la ibdata1. Katika matoleo ya kabla ya MySQL 8, hilo ndilo lenye orodha ya majedwali. Bila hilo utaona majina tu, ukifungua inagoma.

5. ibdata1 ikiwa imeharibika, msikate tamaa. Wekeni programu yenu upya kwenye kompyuta hiyo ya pili, toleo lilelile, itengeneze majedwali matupu yenye muundo uleule. Kisha kwa kila jedwali fundi atoe amri ya ALTER TABLE yenye DISCARD TABLESPACE, aweke faili la .ibd la zamani, amalizie na IMPORT TABLESPACE.

Data zikirudi, msilipe kwanza. Chukueni wanachama kumi, mlinganishe lita zao na vitabu vya risiti. Zikilingana, toeni nakala ya kanzidata siku hiyohiyo, na flashi yake ikae nyumbani kwa mweka hazina, isikae ofisini pamoja na kompyuta.