Mtu Akifa kwa Kosa la Mwingine, Jamaa Zake Wana Haki Gani?

Kila msomaji anayekaa Nyacheki, au popote pengine katika Bobasi, amekwisha kuhudhuria matanga ya mtu aliyekufa kabla ya siku zake: kijana wa pikipiki aliyegongwa na lori, kibarua aliyeangukiwa na ukuta, mama aliyekufa kwa uzembe akiwa anajifungua, mzee aliyepigwa na vijana kwa kusingiziwa uchawi. Watu hukusanyika, michango hutolewa, kaburi huchimbwa kando ya migomba, na baada ya wiki mbili kila mtu amekwisha kurudi kwake. Ndipo mjane huanza kuhesabu ada za shule peke yake.

Mara nyingi mwenye lori, au mjumbe wake, huwa amekwisha kufika nyumbani siku za matanga. Ameleta sanduku la maiti, gunia mbili za mahindi na bahasha ya fedha, naye huomba wazee watie sahihi katika karatasi "kuonyesha kwamba tumepatana." Wazee hutia sahihi kwa nia njema, kwa kuwa desturi yetu hupenda amani. Lakini yafaa ijulikane kwamba msaada wa mazishi ni kitu kimoja na fidia ya kifo ni kitu kingine, na karatasi ile huenda ikatolewa baadaye mbele ya hakimu kuonyesha kwamba jamaa walikwisha kuridhika. Basi pokeeni rambirambi, lakini msitie sahihi kwenye karatasi yo yote kabla ya kusomewa na mtu aijuaye sheria.

Sheria yenyewe haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1808, huko Uingereza, mtu mmoja alisafiri na mkewe juu ya gari la farasi. Gari likapinduka, na mke akafa mwezi mmoja hivi baadaye. Mume aliposhtaki, jaji akaamua kwamba mahakama ya madai haiwezi kukihesabu kifo cha mtu kuwa ni hasara ya kulipwa. Alilipwa tu kwa ajili ya siku zile ambazo mke alikuwa mgonjwa, wala si zaidi. Maana yake ni kwamba aliyemvunja mtu mguu alilipa, na aliyemuua kabisa hakulipa kitu! Aibu hiyo ilidumu mpaka 1846, wakati reli zilipokuwa zinaua watu wengi, ndipo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwapa jamaa za marehemu haki ya kudai. Kenya ilirithi mafundisho hayo, nayo ina sheria mbili zinazofanya kazi pamoja: Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26.

Ile ya kwanza ni kwa ajili ya walio hai. Hulipa riziki ambayo marehemu angaliwapa watu wake kama asingalikufa. Ile ya pili ni kwa ajili ya marehemu mwenyewe, kana kwamba bado anadai: maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, na miaka ya maisha aliyonyang'anywa. Madai yote mawili huletwa katika shauri moja, ila hakimu huangalia watu wale wale wasilipwe mara mbili kwa hasara ile ile.

Sasa, ni nani anayehesabiwa kuwa mtu wa marehemu? Hapa ndipo magomvi mengi ya nyumbani yanapoanzia. Sheria ya Sura ya 32 inamtaja mke, mume, mzazi na mtoto. Ndugu wa marehemu hakutajwa. Shemeji aliyesimamia mazishi, akatafuta gari la kubeba maiti, na kukaa na wazee usiku kucha, anastahili shukrani nyingi, lakini riziki ya marehemu si yake. Hata hivyo mara nyingi ni yeye anayekwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuwataja wategemezi, na mara nyingine jina la mjane huachwa nje, hasa ikiwa ng'ombe za mahari hazikwisha, au ikiwa ni mke wa pili. Mjane asikae kimya. Aende kwa chifu mwenyewe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mkononi, aombe kuisoma barua ile. Mke aliyeolewa kwa kimila katika ndoa ya wake wengi anatambuliwa na Sheria ya Urithi kuwa mke, naye ana sehemu yake na watoto wake.

Anayefungua shauri ni msimamizi wa mali ya marehemu, naye hupata hati kutoka mahakamani. Iko hati fupi ambayo kazi yake ni kumruhusu mtu kushtaki tu, wala haimpi ruhusa ya kugawa shamba. Hiyo hupatikana upesi kuliko hati kamili ya mirathi. Ikiwa hakuna msimamizi, au miezi 6 imepita tangu kifo na msimamizi hajafungua shauri, wategemezi wenyewe wanaweza kushtaki kwa majina yao chini ya Sura ya 32. Mjane asiyeelewana na shemeji zake na akumbuke jambo hilo. Lakini shauri ni moja tu kwa kifo kimoja, kwa hiyo majina ya wategemezi wote yawemo tangu mwanzo.

Muda nao hauna huruma. Kwa ajali na uzembe wa kawaida, shauri lazima lifunguliwe kabla ya miaka 3 kwisha. Ikiwa mshtakiwa ni Serikali, tuseme gari la Serikali ndilo lililoua, muda ni miezi 12 tu. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kungoja "mpaka kesi ya polisi iishe." Kesi ya polisi na shauri la fidia ni njia mbili tofauti. Dereva akihukumiwa kwa kuendesha kwa hatari, hukumu hiyo humsaidia sana mjane kuthibitisha kosa. Lakini hata dereva akiachiliwa, mjane bado anaweza kushinda, kwa sababu katika jinai kosa huthibitishwa pasipo shaka, na katika madai yatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Ushahidi hukusanywa siku za kwanza, wakati machozi bado hayajakauka, nayo ni kazi nzito. Namba ya gari iandikwe. Ajali iandikishwe katika kituo cha polisi na hati ya ripoti, ambayo wengi huiita abstrakti, ichukuliwe. Ndani yake huandikwa jina la kampuni ya bima. Maiti ifanyiwe uchunguzi na daktari kabla ya kuzikwa. Wazee wengine hukataa mwili upasuliwe. Tunaheshimu uchungu wao, lakini maiti ikizikwa bila uchunguzi, baadaye huenda ikahitaji amri ya hakimu ili kaburi lifukuliwe, na hakuna ukoo unaopenda kuona hayo. Risiti za hospitali, za sanduku na za gari zitunzwe, maana gharama za mazishi hurudishwa kwa kiasi cha haki.

Je, fedha huhesabiwaje? Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 35, mwenye mke na watoto, aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 12 ni 180,000 kwa mwaka. Hakimu hukadiria miaka ambayo angaliendelea kufanya kazi, akipunguza kwa ajili ya mashaka ya dunia. Tuseme miaka 20. Hiyo ni 3,600,000. Kisha huchukuliwa theluthi mbili, kwa kuwa mtu mwenye jamaa hutumia theluthi moja hivi kwa nafsi yake. Inabaki 2,400,000. Juu yake huongezwa kiasi cha maisha yaliyokatwa, ambacho mahakama nyingi zimezoea kukiweka karibu na 100,000, na kidogo cha maumivu. Kijana asiye na mke huhesabiwa kwa sehemu ndogo zaidi, na mtoto wa shule hupewa jumla moja bila hesabu hiyo. Ikiwa marehemu naye alikosea, kama vile kuvuka barabara bila kuangalia, jumla hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake.

Msomaji atauliza, mkulima wa ndizi na majani ya chai atathibitisha mapato gani, naye hana karatasi ya mshahara? Jibu ni la kutia moyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa fikira kwamba mapato na kazi ya mtu havithibitishwi ila kwa karatasi, ikaona kwamba kufanya hivyo kungewadhulumu watu wengi wasiosoma ambao hujipatia riziki kwa njia nyingi. Jirani aliyefanya kazi naye, mnunuzi wa ndizi zake, kitabu cha kituo cha kununulia chai, hayo yote ni ushahidi. Na mapato yasipojulikana kabisa, hakimu anaweza kutoa jumla moja kwa kukadiria.

Gari likiwa na bima, kampuni ya bima ndiyo hulipa hukumu, lakini sheria inaweka mpaka wa shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Kampuni lazima ijulishwe kwa maandishi kwamba shauri linafunguliwa. Wakili asiyefanya hivyo humharibia mteja wake. Taabu kubwa iko kwa pikipiki zisizo na bima. Hapo hukumu hupatikana juu ya kijana asiye na kitu, na kwa hiyo yafaa kuchunguza ni nani mwenye pikipiki, kwa maana mara nyingi mpanda pikipiki ni mtu wa kuajiriwa tu, na mwajiri wake hujibu kwa kosa alilolifanya kazini.

Kuhusu mtu aliyefia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 haiulizi sana ni nani aliyekosea. Wategemezi hupata mshahara wa miezi 96, na mwajiri hulipa mazishi. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nayo yafanywe ndani ya miezi 12 tangu kifo. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019.

Shauri la kawaida la ajali laweza kusikilizwa na mahakimu wa Ogembo au wa Kisii. Hakuna haja ya kwenda Nairobi. Jihadharini na madalali wanaozunguka hospitalini na penye maiti wakijiita watu wa wakili. Kadhalika mapatano ya kwamba wakili atalipwa tu akishinda, kwa kugawana kilichopatikana, hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Hukumu ikisemwa, ni mahakama inayogawa fedha kati ya wategemezi, na fungu la watoto wadogo laweza kuwekwa akiba mpaka watimize miaka 18. Asiyeweza kumlipa wakili aulize habari za Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016.

Ikiwa anayeshukiwa ni askari polisi, jamaa wapeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Na ikiwa haijulikani ni nani aliyeua, hakimu anaweza kufanya uchunguzi wa kifo hadharani. Mtoto wa miezi 6 alipouawa Kisumu katika fujo za uchaguzi wa Agosti 2017, ni uchunguzi wa namna hiyo uliomwezesha hakimu, Februari 2019, kuwataja makamanda wa polisi kuwa wa kulaumiwa.

Limebaki jambo ambalo katika Gusii hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto kwa kushukiwa uchawi katika nchi yetu hii, na Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa Marani kwa shutuma hiyo hiyo. Kumwita mtu mchawi mbele ya umati ni kosa la jinai kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, hata kabla ya jiwe kutupwa. Mauaji hayawezi kumalizwa na wazee kwa ng'ombe na mbuzi, ijapokuwa mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shauri moja la mauaji liondolewe baada ya jamaa kulipana ngamia na mbuzi kwa desturi zao. Uamuzi huo ulizusha ubishi mkubwa, na mtu asiutegemee. Jamaa za aliyeuawa wana haki, kwa Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, kusikilizwa katika kesi ya jinai na kuomba fidia, na pia wanaweza kufungua madai dhidi ya kila mtu atakayethibitishwa kuwa alishiriki.

Na kwa kuwa kila mtu hapa anajua ya kwamba neno uchawi mara nyingi ni kifuniko cha tamaa ya shamba, yafaa kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi kisomwe kwa sauti katika mabaraza ya machifu, kutoka Nyacheki mpaka Marani: mtu mwenye akili timamu aliyemuua mwenzake hana sehemu yo yote, kwa njia iliyo wazi wala ya kuzunguka, katika mali ya yule aliyemuua.