Kiti Kikibaki Wazi, Askari Asimame Wapi?

Mtaa wa Mutanga Sud uko upande ule wa Bujumbura ambako mji unaanza kupanda vilima, katika komine ya Mukaza. Mto Ntahangwa unautenga na Mutanga Nord, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi iliyo upande huo imechukua jina la Mutanga. Ni mtaa wa wafanyakazi wa serikali, wa wafanya biashara, wa wanafunzi na walimu wao. Watu wasomao na wapendao kuuliza. Basi na tuanze na swali ambalo mtu wa Mutanga Sud angeweza kumwuliza askari polisi aliyesimama kwenye njia panda: mbunge akifariki dunia leo, au akijiuzulu, sisi wa mtaa huu tutaitwa lini kupiga kura ya kumpata mwingine?

Jibu ni kwamba hawataitwa. Na ni vema ndugu zetu wa jeshi na polisi walijue jibu hilo pamoja na sababu zake, kwa kuwa mlinzi asiyekijua anachokilinda hupotoshwa upesi na yeyote ajaye na maneno matamu.

Katika nchi jirani zilizorithi taratibu za Kiingereza, kama Tanzania, Kenya na Uganda, mbunge ni wa jimbo. Jimbo lina mipaka yake na mtu wake mmoja. Mtu huyo akiondoka, wananchi wa jimbo lile peke yao hurudi vituoni katika uchaguzi mdogo. Burundi inafuata njia nyingine. Hapa mpiga kura hamchagui mtu, huchagua orodha ya chama au ya muungano wa vyama, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura kila orodha ilizopata. Eneo la uchaguzi ni mkoa mzima. Hata ulipofanyika uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, nchi ikiwa imekwisha kugawanywa upya kuwa mikoa mitano, Mutanga Sud ilipiga kura ndani ya mkoa mpana wa Bujumbura, pamoja na watu wa Bubanza na Cibitoke. Kwa hiyo hakuna kiti kinachoweza kuitwa kiti cha Mutanga Sud. Mbunge akiondoka, nafasi yake huchukuliwa na mwenzake wa orodha ile ile ambaye hakupata kiti siku ya uchaguzi. Sanduku la kura halifunguliwi.

Yamkini mtu atasema kwamba utaratibu huo unamnyima mwananchi sauti yake. Hoja hiyo ina uzito, lakini hapana budi kuipima na historia iliyouzaa utaratibu wenyewe. Mkataba wa Arusha uliotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliuanzisha kwa usuluhishi wake na Mzee Nelson Mandela akaukamilisha, ulitafuta njia ya kuwafanya Warundi waketi pamoja bila kuogopana. Katiba ya 2005 iliyotokana na mkataba huo iliweka kwamba Baraza la Taifa liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa wapate wabunge watatu. Orodha nazo zikapangwa kwa kanuni: kati ya wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu waweza kuwa wa kabila moja. Mizani isipokamilika baada ya kura, huongezwa wabunge wengine. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2005, wabunge 100 walipochaguliwa na 18 wakaongezwa. Katiba ya 2018 imeuendeleza mpango huo. Sasa fikirini: katika mizani iliyopimwa hivyo, kila kiti kimoja kikipigiwa kura peke yake, jiwe moja lingeondolewa na jingine kuwekwa bila ya kujua uzito wake.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kiti kujazwa bila kura hakuleti mzozo. Mwaka 2007 chama tawala cha CNDD-FDD kilimwondoa mwenyekiti wake, Hussein Radjabu, na baadhi ya wabunge wakatoka pamoja naye. Wingi wa chama bungeni ukapungua, na shughuli za Baraza la Taifa zikakwama kwa muda mrefu. Mwezi wa Juni 2008 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba wabunge 22 waliojitenga na chama kilichowapeleka bungeni hawana tena haki ya viti vile, na wengine wakaapishwa mahali pao. Viti 22 vilibadilisha watu, na hakuna mkazi wa Mutanga Sud wala wa mtaa mwingine wo wote aliyetia karatasi sandukuni. Wako waliosema kwamba kura ilikuwa ya orodha, na aliyetoka katika orodha amekiacha kiti. Wako waliosema kwamba mbunge ni wa taifa zima, wala si mtumwa wa chama. Hatukusudii kuamua shauri hilo hapa. Tunataka askari aone jambo moja: viti vile viligombaniwa kwa kalamu na kwa hoja za mawakili, na bunduki haikutamka neno.

Majirani zetu wenye uchaguzi mdogo nao wana mafunzo yao, na mengi ya mafunzo hayo yanamhusu mwenye sare. Uchaguzi mkuu hutawanya nguvu za vyama nchi nzima. Uchaguzi mdogo huzikusanya zote mahali pamoja. Viongozi wakubwa, vijana wao, fedha, magari na vipaza sauti huteremka juu ya jimbo moja kwa majuma machache. Kila chama hutaka kuonyesha kwamba upepo umegeuka au haukugeuka. Askari waliopangwa huko hujikuta katikati ya kelele zisizolingana na ukubwa wa kiti chenyewe.

Kinondoni, Dar es Salaam, ni mfano wa kusikitisha. Kiti kilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake, Maulid Mtulia, alijiuzulu kutoka CUF na kuhamia CCM, kisha akakigombea tena na kukipata. Siku moja kabla ya kura ya tarehe 17 Februari 2018, wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai hati za mawakala wao wa vituoni. Polisi walipokuwa wakiwatawanya kwa risasi, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa abiria tu ndani ya daladala, alipigwa na risasi akafa. Tazameni mwanzo wa jambo hili na mwisho wake. Mwanzo wake ni karatasi za mawakala, kazi ya ofisi ya msimamizi wa uchaguzi. Mwisho wake ni maiti ya binti ambaye hakuandamana na yeyote. Shauri ambalo lingalimalizwa mezani lilisukumwa mpaka barabarani, na lilipofika barabarani likawa mikononi mwa askari mwenye silaha, ambaye hakuwa na uwezo wa kutoa hati hata moja.

Kenya inatufundisha jambo jingine, nalo ni hatari ya kukawia. Katiba yao ya 2010 inataka uchaguzi mdogo ufanywe katika muda wa siku 90 tangu kiti kuwa wazi. Mbunge wa Kasipul, Ong'ondo Were, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 30 Aprili 2025. Lakini Tume ya Uchaguzi ilikuwa haina makamishna tangu Januari 2023, na wapya walipatikana mwezi wa Julai 2025. Hivyo watu wa Kasipul, pamoja na wa majimbo mengine yaliyokuwa yakingoja, walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mahali ambapo kiti kimekaa wazi muda mrefu, uvumi na hasira huota kama magugu, na wa kwanza kuitwa kuyang'oa ni polisi.

Nako Uganda, katika uchaguzi mdogo wa Kawempe Kaskazini wa tarehe 13 Machi 2025, uliofanyika baada ya kifo cha mbunge Muhammad Ssegirinya, askari wa usalama waliofunika nyuso zao waliwapiga waandishi wa habari mchana kweupe. Mgombea wa upinzani, Erias Luyimbazi Nalukoola, alishinda hata hivyo. Basi vipigo vile vilimfaa nani? Havikubadili ushindi siku ile. Vilibakiza picha za majeraha, na jina la jeshi zima likatajwa pamoja na matendo ya watu wasiothubutu kuonyesha sura zao. Askari anayefanya kazi ya halali hana sababu ya kuuficha uso wake kwa raia anaowalinda.

Lakini kwa nini tusafiri mbali, hali nyumbani kwetu liko funzo lililo zito kuliko yote? Mwaka 1993 Warundi walipiga kura mara mbili katika mwezi mmoja. Tarehe 1 Juni walimchagua Melchior Ndadaye kuwa Rais; tarehe 29 Juni walichagua wabunge 81, FRODEBU ikapata 65 na UPRONA 16. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, wanajeshi waasi waliishambulia ikulu. Rais Ndadaye aliuawa, na pamoja naye wakauawa Spika wa Baraza la Taifa, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Kwa mujibu wa Katiba ya wakati ule, Spika ndiye aliyepaswa kushika nafasi ya Rais kwa muda. Waliomwua Rais walimwua pia mtu wa kuijaza nafasi yake. Hawakuacha kiti wazi tu. Walikata na ngazi ya kukifikia.

Yaliyofuata yanajulikana katika kila nyumba. Nchi iliyokuwa imetoka kupiga kura haikuweza tena kuitisha kura. Ilibidi Katiba irekebishwe, na tarehe 13 Januari 1994 Baraza la Taifa likamchagua Cyprien Ntaryamira, ambaye naye alikufa katika ndege iliyoangushwa Kigali tarehe 6 Aprili mwaka ule ule. Vita viliendelea zaidi ya miaka kumi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 300,000. Wabunge waliochaguliwa mwaka 1993 waliendelea kuuawa au kukimbia, na viti vyao vikajazwa kwa mapatano ya wanasiasa, kwa kuwa sanduku la kura halikuwa na mahali salama pa kuwekwa. Mara nyingine Warundi walipochagua wabunge ilikuwa tarehe 4 Julai 2005. Miaka kumi na miwili! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1993 alikuwa akikaribia kumaliza shule ya msingi.

Tunawakumbusha ndugu zetu mambo haya bila nia ya kuwaaibisha. Wengi waliovaa sare leo walikuwa watoto wadogo siku zile au hawakuwa wamezaliwa, na jeshi lenyewe liliundwa upya kwa kuwaunganisha waliokuwa wakipigana, kwa sharti kwamba kabila moja lisipite nusu ya askari. Tunayakumbusha kwa sababu yanaeleza makatazo ambayo askari huyasikia katika mafunzo na pengine kuyaona kuwa ni maneno matupu. Katiba imekataza majeshi ya ulinzi na usalama kupendelea chama au kukidhuru, kuonyesha wazi mapenzi yao ya kisiasa wakiwa kazini, na imewakataza askari kuwa wanachama wa vyama. Makatazo hayo hayakuandikwa na watu wasiowaamini askari. Yaliandikwa na watu waliokuwa wamehesabu makaburi.

Sasa turudi kwa yule askari wa kwenye njia panda ya Mutanga Sud. Afanye nini kiti kinapokuwa wazi? Kwanza, ajue kwamba kutangaza kuwa kiti kiko wazi ni kazi ya Bunge na mahakama, na kuandaa kura, ikiwa iko kura, ni kazi ya Tume ya Uchaguzi. Mtu akimwendea na kumwambia kwamba fulani si mbunge tena, kwa hiyo asipite, amwombe hati iliyotiwa sahihi na mwenye mamlaka. Pili, siku ya kura mlango wa kituo ndio mpaka wake. Ndani ana amri msimamizi wa kituo, na askari huingia aitwapo, akatoka kazi ikiisha. Tatu, akipewa amri ya kutawanya watu, kabla ya kugusa silaha aulize wanadai nini na ni ofisi gani yaweza kuwajibu. Pengine karani mmoja akifungua mlango wake atafanya kazi ambayo kikosi kizima hakiwezi. Nne, kura yake mwenyewe aipige kama raia, kwa siri, na akiisha kuipiga aisahau mpaka avue sare.

Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika kugombea kiti, tembo ni wanasiasa, na nyasi ni abiria wa daladala, mwanafunzi wa Mutanga, mama muuza ndagala wa sokoni. Askari hana budi kuchagua atasimama upande gani wa methali hiyo. Akijifanya tembo wa tatu, nyasi haitasalia. Akisimama kama ua wa shamba, tembo watapigana kwa maneno, mmoja atashindwa na kwenda zake, na asubuhi ya pili watu wa Mutanga Sud wataamka na kwenda kazini kama kawaida.

Viti vya bunge vitaendelea kuwa wazi, kwa maana wabunge ni binadamu: watakufa, watajiuzulu, watagombana na vyama vyao. Nchi haidhuriki kwa hayo, maadamu njia ya kukijaza kiti imebaki wazi. Na njia hiyo, ndugu askari, mmekabidhiwa ninyi kuilinda.