Ufundishaji wa historia ya Kanisa la mwanzo

Historia ya Kanisa la mwanzo ni habari za Wakristo tangu Mitume hadi karne ya 4 na ya 5. Msalato, karibu na jiji la Dodoma, kuna chuo cha theolojia cha Kanisa Anglikana kinachoandaa wachungaji. Mwanafunzi wa sekondari anayejisomea nyumbani na kuishia Matendo ya Mitume humwacha Paulo Roma, kisha hudhani dini hiyo ilitoka Ulaya ikafikia Mpwapwa na wamisionari wa CMS miaka ya 1870. Kumbe Perpetua na Felista waliuawa Karthago mwaka 203, na mfalme Ezana wa Aksum alichora msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya 4. Ramani ya Afrika na picha ya sarafu hiyo hutosha kwa kipindi cha kwanza.