Vita vya ziwani vilivyopita Dodoma kwa treni

Dodoma haina bahari wala ziwa la kutaja, lakini bila reli inayoikatiza, vita vya Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916 visingekuwa vile tunavyovijua. Reli ya Kati ilifika hapa 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kwa njia hiyo Wajerumani waliisafirisha Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikiwa vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha. Ikafuata Adjutant, tagi ya kampuni binafsi ya meli: Waingereza waliiteka na kuifanya chombo cha doria, Wajerumani wakainyang'anya tena Rufiji Februari 1915, kisha wakaifungua na kuipakia kwenye mabehewa.

Waingereza hawakuwa na reli hiyo. Walichokipata ni motaboti mbili za mbao, ambazo kiwanda cha Thornycroft kilikuwa kimeziunda kwa oda ya Wagiriki. Serikali ilizichukua, Kamanda Spicer-Simson, kiongozi wa msafara, akazipa majina Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga, kisha zikavutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na maksai. Zilifika ziwani, upande wa Kongo, Oktoba 1915.

Sasa tazama chombo chenyewe. Urefu wake futi 40 tu, injini mbili za petroli, mzinga mdogo omo, bombomu tezi. Mzinga ulipigwa ukielekea mbele. Ukiugeuza ubavuni, kishindo chake kingeweza kuzipasua mbao. Kwa hiyo nahodha hakulenga kwa mzinga, alilenga kwa boti nzima. Ni udhaifu, lakini Kingani, meli ya Wajerumani ziwani, nayo ilikuwa na mzinga wa mbele pekee, tena ikienda polepole. Mwenye mbio aliikaribia kwa nyuma, asikoweza kupigwa. Desemba 26, 1915, pambano lilikwisha kwa dakika chache, Kingani ikatekwa. Februari 9, 1916, meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Vitabu vingi humaliza hapo kwa kushangilia, na mimi naona vinapunja habari. Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, Spicer-Simson hakuthubutu kuigusa. Ilimalizwa kutoka nchi kavu: Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 26, 1916. Siku tatu baadaye majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliingia Dodoma, na reli ikakatika katikati.

Kabla ya kuizamisha Götzen, mafundi wa Kijerumani walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliiibua 1924, wakakuta bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.